Kimya cha Mfungwa Mwanamke Kina Lugha Yake

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo nilifunzwa nikiwa shule ya msingi, nikaitungia sentensi daftarini, nikapewa alama yangu, nikaisahau. Imenirejea hivi karibuni kwa njia ambayo sikuitarajia. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, binti mzaliwa wa upande wa Runyenjes, alinijia ofisini na pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza kimya katika filamu za Kijapani za miaka ya sabini, zile zinazosimulia maisha ya wanawake gerezani. Wenzangu idarani waliangua kicheko. Mmoja aliuliza tangu lini isimu ikahamia kwenye vibanda vya vidio. Mimi sikucheka, kwa kuwa mojawapo ya filamu hizo niliwahi kuiona, na niliiona katika kibanda cha vidio.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili. Katika soko moja kando ya barabara itokayo Embu kupitia Chuka hadi Meru palikuwa na banda la mabati lililozibwa madirisha kwa magunia. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni moja na mashine ya kuchezea kanda. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Aghalabu tulionyeshwa mapigano ya kung fu, na watazamaji tulikuwa wanaume watupu, wazee kwa vijana. Kwa vile wengi hawakuweza kuyafuata maandishi ya Kiingereza yaliyopita upesi chini ya picha, mwenye banda alimweka kijana mmoja msemaji asimame kando ya televisheni, atufasirie kwa Kiswahili kilichokolezwa Kimeru.

Jioni moja ya likizo iliwekwa kanda isiyo na jina. Badala ya mabingwa wa kung fu, tuliona wanawake waliovaa sare za kifungo, na miongoni mwao mmoja mwenye nywele ndefu na macho makali, asiyesema neno. Walimpiga, hakusema. Walimfungia shimoni, hakusema. Msemaji wetu alitatizika. Kazi yake ilikuwa kufasiri maneno, na mwanamke huyu hakumpa neno la kufasiri. Basi akaanza kumtungia. Kila mwanamke yule alipotazama tu, kijana akamtilia kinywani mzaha, tusi au maombi ya huruma. Watu wakacheka hadi mabenchi yakayumba. Nami nilicheka pamoja nao.

Miaka mingi baadaye nilikuja kutambua filamu ile ni ipi. Ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa Sasori, yaani Nge, uliotengenezwa na kampuni ya Toei ya Japani. Ilitoka mwaka 1972, mwongozaji akiwa Shunya Ito na mwigizaji mkuu Meiko Kaji. Kisa chake kilitokana na hadithi za picha za Toru Shinohara. Mwanamke aitwaye Nami Matsushima anampenda mpelelezi wa polisi. Mpelelezi huyo anamtumia kama chambo cha kuwanasia wahalifu, kisha anamtelekeza mikononi mwao. Nami anajaribu kumuua, anashindwa, anafungwa. Yanayofuata ni mateso, njama za kutoroka, na hatimaye kisasi. Kaji aliigiza katika filamu nne za mfululizo huo kati ya mwaka 1972 na 1973, tatu za mwanzo chini ya Ito na ya nne chini ya Yasuharu Hasebe.

Nisimhadae msomaji. Filamu hizi hazikutengenezwa ili kuwatetea wanawake. Zilizaliwa na njaa ya kibiashara. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi zaidi ya bilioni 1.1 za sinema. Televisheni ilipoingia majumbani, idadi hiyo ikaporomoka, hata kufikia mwaka 1972 tiketi zilikuwa chini ya milioni 200. Kampuni za filamu zikatafuta kile ambacho televisheni ya nyumbani isingethubutu kukionyesha, zikakipata katika miili ya wanawake na katika damu. Gereza la wanawake likawa kisingizio chepesi, maadamu mfungwa huvuliwa nguo, huogeshwa na huadhibiwa kwa amri, na mtazamaji aliyelipa kiingilio hahitaji kujiuliza kwa nini anatazama. Wamarekani nao walikuwa wakitengeneza filamu za namna hiyo nchini Ufilipino katika miaka hiyo hiyo. Nyingi hazistahili kukumbukwa.

Ila Sasori ina jambo ambalo liliwapita wafanyabiashara walioigharamia. Katika hadithi za picha, Nami alikuwa mwanamke wa matusi mengi. Kaji hakutaka kuyatamka matusi hayo, akashauri mhusika wake asiseme karibu lolote. Katika filamu ya pili maneno yake yanahesabika kwa vidole. Matokeo yake ni ya ajabu. Kamera inamvua nguo, walinzi wanampiga, wafungwa wenzake wanamsaliti, lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya, nacho ni kile anachokifikiri. Kaji aliimba pia wimbo wa filamu hizo, ambao katika jina lake lina neno urami. Neno hilo la Kijapani hufasiriwa kwa wepesi kuwa kisasi. Mimi naona kinyongo kinalifaa zaidi. Kisasi hulipwa kikaisha, ilhali kinyongo hukaa moyoni na kumlisha mwenye nacho.

Katika filamu ile ya kwanza mna tukio ambalo sikuweza kulicheka hata siku ile bandani. Nami anaamriwa achimbe shimo uwanjani, na wenzake wanaamriwa walifukie. Anachimba, wanafukia, anachimba tena, usiku na mchana. Msemaji wetu alitunga mzaha kuhusu mke mvivu wa kulima. Mimi nikamkumbuka nyanya yangu, na wakati huo sikujua kwa nini.

Nilikuja kujua nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Nilikuwa nikikusanya vitenzi vya Kiembu kwa ajili ya tasnifu yangu, na msaidizi wangu mkuu alikuwa Cucu, mama yake baba, mkulima wa miteremko ya Embu aliyekuwa akikaribia miaka sabini. Nilimwendea na kinasa sauti, nikakiweka kwenye kigoda katikati yetu. Siku hiyo tulikuwa kwenye vitenzi vya kuchimba. Alinipa cha kuchimba kwa jembe, cha kuchimba viazi, cha kuchimba kaburi, cha kuchimbua kwa kucha kama kuku. Nikamuuliza, "Cucu, na kuchimba handaki je?" Akanyamaza. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akakitazama kinasa sauti, si mimi, akauliza taratibu, "Hicho utampelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikizima. Hatukuzungumza tena juu ya vitenzi siku hiyo.

Ilibidi niende kwenye vitabu vya historia kumwelewa mtu niliyekula naye tangu utotoni. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na haikuiondoa hadi Januari 1960. Katika karatasi za serikali, Wagikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa katika herufi tatu tu, KEM, na aliyeangukia ndani ya herufi hizo alikuwa mshukiwa kabla hajafungua kinywa. Katika msako mkubwa ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, herufi hizo ndizo zilizoamua nani atiwe lorini na nani aachwe. Kuanzia Juni mwaka huo watu zaidi ya milioni moja wa sehemu zetu waliondolewa katika makazi yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungukwa kwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Kwa vile wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, kazi ya shuruti iliwaangukia wanawake. Hao ndio waliochimba mahandaki ya vijiji. Vilevile lilichimbwa handaki la takriban kilomita 80 katika ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji wakatwe na chakula, chakula ambacho wachimbaji wenyewe ndio walioshukiwa kukipeleka.

Hatimaye wanawake nao walifungwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba takriban wanawake 8,000 walizuiliwa chini ya sheria za hali ya hatari, wengi wao Kamiti, baadhi wakiwa na watoto wachanga migongoni. Kama ilivyokuwa kwa wanaume, walipangwa kwa rangi: weupe waliokwisha kukiri kiapo, wa kijivu waliokuwa njiani kukiri, na weusi waliokataa. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa maneno. Ulitakiwa kukiri, na kukiri kulimaanisha kuwataja wengine. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Tumezoea kudhani kwamba gereza humnyima mtu kusema. Kambi zile zilimnyima mtu kunyamaza. Kwa hiyo aliyenyamaza alikuwa ametenda tendo, na tendo lenyewe lilikuwa kuwalinda waliobaki nje.

Waliozidi kukataa waliitwa wagumu. Kufikia mwaka 1958 waliosalia walitengwa katika kambi ya Gitamayu. Katika mafaili ambayo serikali ya Uingereza iliyaficha Hanslope Park, na ambayo ilikubali kuwapo kwake mwaka 2011, maofisa wanaonekana wakijadiliana kama wanawake hao walikuwa na akili timamu. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mwanamume aliyekataa kukiri aliitwa mkaidi au hatari. Mwanamke alipokataa, serikali ilitafuta daktari. Haikuweza kusadiki kwamba mwanamke mkulima angeweza kuwa na siri kwa hiari yake na kuitunza kwa akili zake timamu.

Ukiuweka msimamo wa maofisa hao kando ya msemaji wa banda letu la vidio, utaona udugu wao. Wote wawili walikutana na mwanamke aliyenyamaza, wote wawili wakatishika, na wote wawili wakakijaza kimya chake kwa maneno yao. Mmoja aliandika kichaa, mwingine akatunga mzaha.

Na sisi watazamaji je? Katika siku za msako, mtu aliyetumiwa kuwatambulisha washukiwa alifunikwa kichwa kwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia. Ni neno la kuvutia kwa mwanafunzi wa lugha. Ni gunia lile lile, likapewa kiambishi cha udogo ka-, kisha ka ikageuka ga kwa sababu inafuatwa na sauti k, jambo ambalo wanaisimu hulijua kwa jina la Kanuni ya Dahl. Basi gakunia ni kijigunia. Yeye huona bila kuonekana, na kichwa chake kikitikisika tu, maisha ya mtu hubadilika. Nikilikumbuka banda lile lililozibwa kwa magunia, nasi tumeketi gizani tukimtazama mwanamke akivuliwa heshima yake, naona haya. Hakuna aliyetuona. Tulimtazama kwa macho ya kukopa, tukarudi nyumbani kula chakula kilichopikwa na akina mama ambao wenyewe walikuwa wamepitia mfano wa yale tuliyoyalipia.

Yamkini msomaji atasema kwamba ninawapamba wanawake wa zamani kuwa mashujaa wa sinema. Sitaki kufanya hivyo, na Meru inanizuia. Mwezi Aprili mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi wa Meru walikataa, wakakeketana wenyewe. Wakapewa jina la Ngaitana, ambalo kwa Kimeru ni sentensi nzima katika nafsi ya kwanza: nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja marufuku hiyo. Desturi waliyoing'ang'ania iliwadhuru, na leo sheria ya mwaka 2011 inaikataza kwa haki. Hata hivyo walisema mimi katika mwaka ambao wazee, machifu, wamishenari na maofisa walikuwa wakisema kwa niaba yao. Sinema humtaka mwanamke mmoja mwenye nywele ndefu na jambo moja la kulipiza. Historia hutuletea maelfu, na baadhi yao walikataa vitu ambavyo tungependa wangevikubali. Anayetaka kuwasikiliza hana budi kuwasikiliza wote.

Kimya hiki hakikuisha mwaka 1963. Mau Mau iliendelea kuwa chama haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi mwaka 2003, marufuku ilipofutwa. Kwa miaka arobaini, mwanamke aliyesema alikula kiapo alikuwa akikiri kosa mbele ya serikali ambayo mumewe aliipigania. Nilipomwekea Cucu kinasa sauti, marufuku hiyo ilikuwa ingalipo. Swali lake halikuwa la mzee aliyechanganyikiwa. Lilikuwa swali la kisheria, na sahihi kabisa.

Halafu kuna waliosema. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana tu alipopelekwa katika kambi ya uchujaji ya Gatithi, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, kwa tuhuma za kuwapelekea wapiganaji chakula. Aliyotendewa huko yalihusu mwili wake kwa namna ambayo sitaieleza hapa, kisha akafungwa. Zaidi ya nusu karne baadaye aliishtaki serikali ya Uingereza pamoja na wazee wenzake, na mwaka 2012 alisimama katika mahakama kuu jijini London akatoa ushahidi. Oktoba mwaka huo mahakama iliamua kwamba kesi yao iendelee licha ya miaka kupita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228. Ninachokisisitiza si fedha. Mama huyo hakuwa bubu kwa miaka yote hiyo. Alikuwa akingoja msikilizaji ambaye angepokea maneno yake bila kuyageuza kuwa mzaha wala ugonjwa, na bila kumtaka amtaje mtu.

Katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi kuna sanamu iliyozinduliwa Septemba 2015 kuwakumbuka walioteswa. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja amegeuzia uso wake upande mwingine, ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Kila nikipita hapo nasimama kidogo. Mchongaji alielewa kwamba kutotazama kunaweza kuwa heshima, na kwamba kutojua jina la mtu kunaweza kuwa namna ya kumpenda.

Basi nilimjibu nini mwanafunzi wangu? Nimelipitisha pendekezo lake, na idara imekubali baada ya mabishano marefu. Nimempa sharti moja. Sura moja ya tasnifu yake ataiandika nyumbani, Runyenjes, kwa nyanya zake na majirani zao waliosalia, ambao sasa wamepita miaka themanini. Nimemwambia asiende na orodha ya maswali, kwani orodha ya maswali wamekwisha kuiona. Aende na jembe, alime nao. Azungumze kwa Kiembu. Akinyimwa jibu, aandike kwamba alinyimwa, na aandike lilikuwa swali gani, saa ngapi, na mama huyo alitazama wapi. Asilijaze pengo kwa maneno yake hata kama maneno hayo ni mazuri. Na akirejea, apitie pia magereza ya wanawake ya leo, Embu na Meru, ajiulize ni mara ngapi sisi waandishi tumewahi kuwaandika waliomo ndani isipokuwa siku ya kesi.

Ninawasihi wazazi na walimu wenzangu wa Embu, Meru na Tharaka-Nithi wafanye vivyo hivyo na wanao, maana mashahidi wanatutoka kila msimu wa mvua. Cucu alitutoka zamani. Aliwahi kunisimulia mambo machache, jikoni, pasipo mashine, na jina la kambi aliyopitia hakulitaja kamwe. Hayo aliyonisimulia sitayaandika gazetini, kwa kuwa hakunituma. Lakini kanda ile ya vitenzi bado ninayo. Inasikika sauti yangu ikiuliza mara mbili, kisha jogoo kwa mbali, kisha kimya, kisha swali lake. Kila mwaka huwachezea wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kanda hiyo. Huwauliza ni nani kati ya wasemaji hawa wawili aliyekuwa mjuzi zaidi wa lugha, na mimi huwa sitarajii wanitaje mimi.